Murongo Katika Maandishi na Katika Vinywa vya Wazee

Mji wetu wa Murongo hauna kitabu. Una mto, una daraja, una ofisi ya forodha, una soko na shule, na tangu miaka ya karibuni una kituo cha umeme cha megawati 14 ambacho Tanzania na Uganda zinagawana nguvu zake. Lakini mwanafunzi wa sekondari akituuliza asome kitabu gani ili ajue watu wa mahali hapa walitoka wapi, walikula nini wakati wa njaa na walijificha wapi wakati wa vita, hatuna cha kumpa mkononi. Tutampa vipande: kurasa chache za msafiri Mwingereza, sura moja ya kitabu cha historia, gazeti lililochakaa, na jina la bibi mmoja ambaye bado ana kumbukumbu nzuri iwapo utamkuta hajachoka. Katika makala haya tunakusudia kuvipima vipande hivyo. Hatutaki kuvisifu tu kwa sababu ni vyetu, wala hatutaki kuvidharau kwa sababu vingine vimeandikwa na wageni.

Kwa msomaji asiyepajua, Murongo iko ukingoni mwa mto Kagera, katika Wilaya ya Kyerwa, ambayo ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ng'ambo ya mto ni Kikagati, katika nchi ya Uganda. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi kwa mkataba wa mwaka 1890 walipiga mstari wa latitudo ya digrii moja kusini ya Ikweta, na baadaye kwa upande wetu huu mto wenyewe ukafanywa mpaka. Waliochora hawakuuliza nani ameoa wapi. Mnyambo wa huku na Mnyankole wa kule husikilizana bila mkalimani, na wengi wetu tuna shangazi au wajomba walioko ng'ambo. Jambo hili msomaji alishike, maana litarudi tutakapozungumza juu ya lugha.

Tuanze na maandishi ya wageni, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kuchapwa. Mwezi Novemba 1861 Speke na Grant walifika Karagwe wakapokewa na Omukama Rumanyika katika mji wake wa Bweranyange. Speke alitoa kitabu chake mwaka 1863 na Grant akafuata mwaka 1864. Walimu wengi wa historia huvitaja vitabu hivi kwa heshima ya pekee, kana kwamba Karagwe ilizaliwa siku ile Speke alipofungua daftari. Sisi tumevisoma, na maoni yetu ni kwamba vina faida, lakini si ile inayotajwa mashuleni. Faida yake ni katika mambo madogo ambayo mwandishi aliyaona bila kuyatafuta: namna mgeni alivyopewa chakula, namna mlango wa mfalme ulivyolindwa, jinsi Rumanyika alivyokuwa mtu wa maswali mengi na upole. Lakini Speke alipokutana na mke wa kaka yake mfalme, mama aliyenoneshwa kwa maziwa kama ilivyokuwa desturi ya jumba lile, alichukua kipimo akampima mkono, kifua na paja, akaandika tarakimu. Jina la mama yule, kazi yake na maneno yake hatuyapati. Hapo ndipo upungufu wa kitabu unapoonekana, kwamba mwandishi aliweza kuupima mwili wa mtu kwa inchi bila kumwuliza hata habari za kwao.

Grant ni afadhali. Aliugua mguu akabaki Karagwe hadi Aprili 1862, wakati mwenzake amekwisha tangulia Buganda. Mtu aliyelala kitandani miezi hana haraka. Hutazama, husikiliza, huchora. Tungekuwa na uwezo wa kuchagua, tungependa wasafiri wote wa zamani wangeumwa miguu kidogo. Stanley naye alipita mwaka 1876, akaingia katika nyumba ya hazina ya Rumanyika akaona sanamu za wanyama za chuma na shaba, na aliporudi kwao akaandika kitabu, 1878, ambamo mto Kagera anauita Naili ya Alexandra, kwa kumheshimu binti mfalme wa Kiingereza. Mto uliokuwa na jina kabla ya babu yake Stanley kuzaliwa! Jina hilo halikushika. Lakini jina la Rumanyika limerudi: mwaka 2019 serikali ilipopandisha hadhi mapori ya akiba ya mkoa wetu kuwa hifadhi za taifa, moja ilipewa jina lake, na nyingine, ile iliyo jirani yetu, ikaitwa Ibanda-Kyerwa.

Pamoja na hayo yote, hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeandika juu ya Murongo. Bweranyange ndiko kulikokuwa na mfalme, na Kafuro ndiko kulikokuwa na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili kutoka Tabora na pwani, ambao kwao tunadaiwa maneno ya kwanza ya Kiswahili yaliyosikika nchi hii. Speke alipoondoka kwenda Buganda alivuka mto upande wa mashariki, huko alikokuita Kitangule. Kivuko kama chetu, ambacho watu walivuka na ng'ombe wao, chumvi yao na mabibi harusi wao, hakikuwa na mfalme wa kumpokea mgeni, kwa hiyo hakikuwa na ukurasa.

Hapa tunafika kwa mwanahistoria wetu wenyewe, Israel Katoke, ambaye kitabu chake juu ya ufalme wa Karagwe, kuanzia karibu mwaka 1400 hadi 1915, kilitolewa Nairobi na East African Publishing House mwaka 1975. Hiki ni kitabu kikubwa kwa maana ya kazi iliyofanyika. Katoke aliwaendea wazee, akasikiliza mapokeo ya ukoo wa Ruhinda, akayalinganisha na maandishi ya wageni. Katika miaka ile vyuo vyetu vilikuwa vinajifunza kusema kwamba mdomo wa mzee ni ushahidi. Yeye alilifanya jambo hilo kwa vitendo, tena juu ya nchi ambayo wengi hawakuijua ila kwa jina la Rumanyika. Kila shule ya sekondari ya Karagwe na Kyerwa ingepaswa kuwa na nakala mbili.

Lakini tuna hoja mbili juu yake. Kwanza, kitabu ni cha Kiingereza. Mzee aliyetoa habari zile hakuweza kukisoma ili aseme, "Hapa mwanangu umekosea." Kitabu cha historia ya watu kinapoandikwa kwa lugha ambayo watu hao hawawezi kukisahihisha, kosa likiingia linakaa daima. Pili, mapokeo ya Ruhinda ni mapokeo ya jumba la mfalme. Nani alirithi, nani alimfukuza nduguye, ngoma ilifichwa wapi, hayo tunayapata. Aliyepiga kasia mtoni hatumpati. Hatusemi haya kwa kumlaumu Katoke, kwani ufalme ndiyo mada aliyojiwekea, na mada ile aliitimiza. Tunalolaumu ni kwamba tangu 1975 sisi wengine tumekaa kama kwamba alikwisha kutuandikia yote.

Ni vema kutaja pia yaliyofanyika kwa majirani. Ng'ambo ya pili, H. F. Morris alichapisha mwaka 1964 majigambo ya kishujaa ya Wahima wa Ankole, yale wanayoyaita ebyevugo. Kwa Wahaya, Profesa Mugyabuso Mulokozi alikusanya tendi zinazoimbwa kwa nanga na kuwachunguza manju wenyewe kama wasanii, si kama vyombo vya kupitishia sauti ya kabila. Kwa Wanyambo, Josephat Rugemalira alitutolea msamiati wa Runyambo, Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002, kisha sarufi mwaka 2005. Kwa hiyo kamusi tunayo na sarufi tunayo. Hadithi ya kuandikwa kwa lugha ile, iliyotoka kinywani mwa mtu wa kivukoni, ndiyo inayokosekana.

Na magazeti je? Watu wa rika la baba zetu walilisoma Mambo Leo, gazeti la Idara ya Elimu lililoanza mwaka 1923. Humo mlikuwa na mashairi, na mlikuwa na habari za miji zilizoletwa na wasomaji kutoka kila pembe ya Tanganyika: mvua imenyesha, fulani kafariki, bwana shauri kafika. Mtu akiitazama leo safu ya namna hiyo aweza kuona ni mambo ya ovyo. Sisi tunaona vinginevyo. Karani wa wilaya ya mbali aliyekaa usiku kuandika kwamba nzige wamepita alikuwa anadai nafasi ya mji wake katika nchi. Alikuwa na tarehe, alikuwa na jina lake chini. Ukilinganisha na maandishi mengi ya siku hizi juu ya utamaduni wetu, ambayo husema tu "zamani" na "wazee wetu", utaona karani yule alikuwa mwandishi bora.

Kisha ikaja elimu ya watu wazima. Mwaka 1968 mpango wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulianzishwa katika mikoa ya Ziwa, na mkoa wetu, wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi, ulikuwamo. Vitabu vya kujifunzia vilihusu pamba, migomba, ufugaji na uvuvi, yaani kazi ambazo msomaji alizijua kuliko mwalimu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1974 likaanza gazeti la Elimu Haina Mwisho, likichapwa Mwanza kwa ajili ya hao waliokwisha jua kusoma wasije wakasahau. Na kati yake, mwaka 1973, kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi wakiisikiliza redio huku kitabu kikiwa mbele yao. Tunaitaja kampeni ile kwa sababu moja: ilikuwa imeunganisha redio, kitabu na kikao. Redio ilisema, kitabu kilikumbusha, kikao kilibishana. Kilichopungua ni kwamba maneno yalitoka Dar es Salaam kwenda kijijini. Yaliyosemwa kijijini hayakupata chombo cha kuyarudisha.

Hayo yaliyosemwa yaliandikwa lakini, na hapa hatuna budi kutoa ushahidi dhidi yetu wenyewe. Katika miaka yetu ya mwanzo serikalini tulifanya kazi katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Siku moja iliamriwa chumba cha nyuma kisafishwe, maana kulikuwa na kiongozi anakuja na chumba kilihitajiwa. Humo mlikuwa na madaftari ya mahudhurio ya madarasa ya kisomo, mihutasari ya vikao vya vijiji, barua za watu wakiomba hiki na kulalamikia kile. Mchwa walikuwa wamekula baadhi, lakini mengi yalisomeka. Tulikuwa vijana, tulikuwa na cheti cha kidato cha nne na shairi moja lililokwisha kusomwa redioni, na tulijiona watu wa utamaduni. Tulibeba makaratasi yale hadi nyuma ya jengo. Kiberiti kilikuwa mkononi mwetu. Yaliwaka mchana kutwa, na yaliyobaki alichukua mama mmoja muuza karanga kwa ajili ya kufungia.

Juma moja baadaye tulinunua karanga kwake. Kikaratasi kilikuwa na orodha ya wanawake wa darasa la kisomo, majina kumi na moja, na mbele ya kila jina saini. Saini za kwanza ni dole gumba, na chini, kwa mwezi mwingine, mmoja kati yao ameandika jina lake kwa herufi kubwa zilizopinda. Tulikikunjua na kukikunja. Leo tungetoa mshahara wa mwezi kuyapata madaftari yale. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sisi tulikuwa na daftari tukalitia moto. Mwalimu anayesoma haya, kama shuleni kwake kuna kabati ambalo ufunguo wake umepotea, na avunje kufuli kabla hajaja kijana kama sisi.

Tuje kwenye redio, maana watu wengi husema kwamba redio imekwisha litatua jambo hili. Tulipokuwa watoto Murongo tulikuwa na redio mbili katika moja. Redio Tanzania Dar es Salaam ilitupa Kiswahili, taarifa ya habari, salamu na matangazo ya vifo ambayo yalimfanya kila mtu anyamaze. Redio Uganda ilitupa Runyankole, yaani sauti iliyofanana na ya nyanya zetu. Kwa hiyo taifa letu lilisema nasi kwa lugha ya shuleni, na jirani akasema nasi kwa lugha ya jikoni. Hatulalamiki, Kiswahili ndicho kilichotuunganisha na Mmakonde na Msukuma, na ndicho tunachotungia mashairi. Lakini ni kweli pia kwamba mtoto wa mpakani alijifunza mapema kuwa mambo makubwa yana lugha yake na mambo ya nyumbani yana lugha nyingine, na kwamba ile ya nyumbani inasikika redioni ng'ambo tu.

Baadaye vikaja vituo vya karibu. Radio Kwizera ilianza Ngara mwaka 1995, kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na wenyeji waliowapokea. Na Karagwe ikapata redio ya FADECO mwaka 2007, ambayo ilijishughulisha na wakulima. Hizi ni kazi za kusifiwa. Mkulima wa migomba anayesikia jina la kijiji chake hewani hupata jambo ambalo Dar es Salaam haikuweza kumpa. Lakini kwa upande wa kumbukumbu redio ina maradhi mawili. La kwanza ni kwamba sauti ikishapita imepita. Tuliwahi kumpeleka mzee mmoja katika kituo fulani, akasimulia kwa nusu saa. Miezi michache baadaye tulipoiomba sauti yake, kwa kuwa alikuwa amefariki, tuliambiwa imefutwa ili kupata nafasi. Watoto wake walikuwa wamesimama nje wakingoja.

La pili ni zito zaidi. Kanuni za utangazaji za nchi yetu zinataka Kiswahili au Kiingereza. Sababu yake tunaielewa na tunaiheshimu, hasa sisi tulioona kwa jirani zetu wa Rwanda redio ilivyotumika mwaka 1994 kumtenga mtu na mwenziwe. Lakini yule mzee tuliyempeleka alikuwa bingwa kwa Kinyambo, na kwa Kiswahili alikuwa mgeni. Nyumbani alieleza uvukaji wa mto kwa saa mbili tukicheka na kulia, kituoni alisema, "Tulivuka. Ilikuwa shida sana." Mtangazaji akamshukuru. Taifa likasikia kwamba ilikuwa shida sana.

Dawa ya jambo hili haihitaji kubuniwa. Ilikwisha patikana Ukerewe. Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri kwa Kiswahili yeye mwenyewe, na Tanzania Publishing House ikaichapa mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Miaka 35 ni mingi mno kwa kitabu kungoja, na walioachia hali hiyo wana lawama. Lakini njia aliyopita ni sahihi: kwanza sema kwa lugha ambayo jambo lilitendeka, kisha lilete kwa taifa kwa Kiswahili, bila kuficha kwamba lilitoka mahali fulani. Kiswahili cha Kitereza kina udongo wa Ukerewe ndani yake, na hakuna Mtanzania aliyedhurika kwa hilo.

Lililo gumu zaidi kwetu ni vita. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia nchi yetu upande wa kaskazini ya mto Kagera. Mwezi Novemba daraja la Kyaka lilivunjwa. Mwaka 1979 majeshi yetu yakaingia Uganda na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili. Mwaka huo huo mkoa ukaacha kuitwa Ziwa Magharibi ukaitwa Kagera, hata leo kila anayeandika anwani yake anaandika jina la vita bila kufikiri. Waandishi hawakulala. Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, na Henry Muhanika akatoa utenzi wake wa vita vya Kagera mwaka 1981. Kwa kasi hiyo ya kazi wanastahili shukrani. Walioandika wakati moshi haujatulia wametuachia joto ambalo mwanahistoria wa baadaye hawezi kulipata.

Lakini utenzi, kwa mila yake tangu Pate na Lamu, ni chombo cha mashujaa. Mizani yake minane huenda mbele kama kwata. Hupenda majina ya majemadari, miji iliyotekwa, aibu ya adui. Ni chombo kizuri kwa kazi hiyo. Twalisema hili kama watunzi, tena kwa uchungu, kwani sisi wenyewe tuliwahi kujaribu kutunga utenzi wa vita vile kwa kumbukumbu za utotoni. Tulipofika ubeti wa thelathini tuliusoma tangu mwanzo tukajikuta tumeandika juu ya watu ambao hatukuwaona kamwe. Handaki ambalo mama alilichimba kwenye migomba, harufu ya majani mabichi aliyotufunika nayo, mbuzi aliyekatazwa kulia, havikuwamo hata katika kituo kimoja. Bahari ya utenzi ilikuwa imetuchukua, maana vina vya majemadari ni rahisi kuliko vina vya mbuzi. Karatasi zile tulizichana. Hatujui kama bahari nyingine ingefaa zaidi. Pengine nathari ya kawaida, iliyoandikwa taratibu, ndiyo inayofaa kwanza.

Na kuna mambo ambayo hata nathari haijayafikia kwa sababu watu hawapendi kuyasema. Kaa na mzee wa Murongo atakueleza vita yote. Atakueleza mwaka 1994, wakimbizi walivyojaa Karagwe katika makambi ya Chabalisa na Kagenyi, na jinsi walivyorudishwa mwishoni mwa mwaka 1996. Ukifika kwenye miaka ya themanini ya mwanzo, wakati sabuni, chumvi na sukari vilipoadimika madukani, na mwaka 1983 serikali ilipowasaka wahujumu uchumi, mzee huyo atakuuliza kama umekwisha kula. Kahawa ilivuka mto usiku na sabuni ikarudi. Kila mtu wa mpakani anajua na hakuna aliyefanya. Sisi kama watumishi wa serikali hatuwezi kuyapamba magendo. Lakini mwandishi wa kumbukumbu anayeyaruka ataandika juu ya mji ambao haukuwahi kuwako. Aandike bila kutaja majina ya walio hai, na aseme wazi kwamba ameyaficha na kwa nini.

Mwaka juzi mwalimu mmoja wa Kiswahili aliwapa wanafunzi wake wa kidato cha tatu kazi ya kuandika masimulizi ya nyumbani, akatuletea daftari kumi na nne tuzisome. Nyingi zilikuwa na "hapo zamani za kale" na wanyama wasemao. Moja ilitusimamisha. Msichana alikuwa amemsikiliza bibi yake kwa Kinyambo akaandika kwa Kiswahili: bibi akavuka mto, akaolewa, akalima, akarudi, akamkuta mama yake amekufa. Habari iliyokwenda mbio namna ile, safari ya siku moja na maisha ya mtu yamekwisha, tulidhani ni mtindo, tukausifu. Kisha tukashtuka. Katika Kinyambo silabi ile ya "ka" katika kitenzi huonyesha wakati wa zamani sana, tofauti na jambo la jana na tofauti na la leo asubuhi; lugha ile ina vyumba vitatu ambapo Kiswahili kina "li" moja kwa vyote. Na "ka" ya Kiswahili husema tu kwamba hili lilifuata lile. Msichana alikuwa ameisikia "ka" ya bibi yake akaiandika kama ilivyo, na miaka ikageuka kuwa dakika.

Tuliirudisha daftari na maswali pembeni kwa kalamu nyekundu. Bibi alivuka akiwa na umri gani? Kwa mtumbwi au kwa daraja? Kati ya kuolewa na kurudi ilipita misimu mingapi ya kahawa, na vita ilikuwa bado au imekwisha? Nani alimpa habari za mama yake, na kwa maneno gani? Bibi anaitwa nani, na amekubali jina lake liandikwe? Tuliomba pia aandike kwa Kinyambo maneno yale ambayo bibi aliyarudia zaidi ya mara moja, kisha ayafasiri chini yake.

Daftari ilirudi baada ya likizo ya Juni ikiwa na kurasa ishirini na mbili. Kulikuwa na mtumbwi, kulikuwa na ndugu wa kiume aliyekataa kupiga kasia, na misimu tisa ya kahawa. Swali la vita halikujibiwa. Mbele yake msichana ameandika kwamba bibi alinyamaza, na kwamba yeye hakuuliza tena siku ile kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja na walikuwa hawajaanua maharage.